Zumari Iliyotoka Kwenye Robota la Makoti

Robota lile la mitumba niliuziwa kama nguo za watoto. Tulipokata kamba kibandani kwangu pale Kirumba, mimi na mwenzangu wa kibanda cha jirani, yakafumuka makoti. Makoti ya sufu, mazito kama magodoro, marefu hadi chini ya magoti, ya watu wa nchi zenye barafu. Mwenzangu aliketi chini akacheka mpaka akashika ubavu.

"Dada, wauzie walinzi," akasema.

"Mji huu una walinzi wangapi?"

"Basi wauzie wezi. Nao wanakesha nje."

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, wakati kila mtu Mwanza alikuwa ameamka asubuhi akajikuta mfanyabiashara, apende asipende. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini kwenye kiwanda cha serikali, na kile kidogo alichopewa cha kumwambia kwaheri alikigeuza kuku wa mayai. Banda lao lilikuwa nyuma ya nyumba yetu huko Pasiansi, limeezekwa vizuri kuliko jiko letu. Mimi nilikuwa na mitumba. Mama mkwe wangu naye alikuwa amekuja kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa wiki mbili tu kutibiwa macho. Macho yalipona, yeye akabaki, na kwa macho yale mapya hapakuwa na kitu nyumbani kwangu ambacho hakukiona.

Nikawa nakung'uta koti moja baada ya jingine ili niyatundike. Moja kati ya hayo, jeusi, la mtu mnene, lilikuwa limefungwa mikono kama mtu aliyekumbatia kitu. Nikalifungua. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa ngozi wenye umbo la tumbo la mbuzi, na kwenye shingo ya mfuko umechomekwa mti mweusi wenye matundu. Kulikuwa na mvukuto mdogo, kama ule wa mhunzi ila umeshonwa kwa ustadi na una mikanda miwili, na fimbo tatu za urefu tofauti zilizokusanywa kwenye kigogo kimoja, zimepambwa pete za shaba. Fimbo moja ilikuwa imepata ufa kwa kubanwa robotani.

Leo najua kwamba kile kitu ni zumari ya kiriba ya watu wa Ireland, na kwamba kwao ni jambo la heshima kubwa. Siku ile sikujua hata upande wa juu ni upi. Watu walijaa kibandani. Mama muuza samaki alisema ni mashine ya kukamulia ng'ombe, akaonyesha na chuchu zinapoingia. Kijana mmoja wa kupakia magari alisema hapana, hospitali wanacho kama hicho, wanapompa mgonjwa hewa. Mzee aliyekuwa akichagua koti alilirudisha koti, akaondoka bila kuaga. Mwenzangu ndiye aliyeinama, akaupiga ule mfuko kofi.

Nilipolikunjua koti mfuko ulikuwa umevuta hewa kidogo. Ulitoa sauti moja ndefu, ya puani, ya kulalamika, kama ndama aliyeachwa ng'ambo ya mto. Watu wote wakarudi nyuma hatua moja. Mimi, sijui kwa nini, nikasogea mbele.

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nina watoto watatu, kila kilichokuwa mkononi mwangu kilikuwa na kazi yake: sufuria, mizani, jembe, watoto wenyewe. Hiki hakikuwa na kazi yoyote. Nikakifunga tena ndani ya koti lake, nikaenda nacho nyumbani, na lile koti sikuliuza.

*

Kosa la kwanza lilikuwa kutafuta mahali pa kupuliza. Kila zumari niliyowahi kuiona inapulizwa kwa mdomo, kwa hiyo nikapuliza. Nilipuliza kila tundu. Nilipuliza fimbo zile tatu kwa pamoja mpaka nikaona nyota mchana. Mume wangu alisimama mlangoni na ndoo ya pumba.

"Mama watoto, unafanya nini?"

"Natafuta mdomo wake."

"Wako umeuchoka?"

Ilichukua siku kadhaa nigundue kwamba ule mvukuto haukuwa kitu cha pembeni bali ndiyo mapafu yenyewe. Unaufunga kiunoni kwa mkanda mmoja na kwenye mkono kwa mkanda wa pili, unaupiga kwa kiwiko kama kuku anayepiga bawa, nao unasukuma hewa mfukoni. Mfuko unaubana kwa kiwiko cha pili, taratibu, usije ukapungua wala kuzidi. Fimbo zile tatu zinalala mapajani na kuvuma sauti moja tu, hazibadiliki. Na ule mti wenye matundu, ambao ndio wenye wimbo, unausimamisha juu ya paja na kuuchezea vidole. Kwa hiyo kiwiko kimoja kinapiga, kingine kinabana, vidole vinacheza, paja linaziba tundu la chini, na uso unatakiwa uonekane kama wa mtu aliyetulia.

Mkanda wa kiuno ulikuwa umekatika. Nikafunga kwa mkanda wa suruali ya mume wangu, ile ya kwendea kanisani.

Siku nilipofanikiwa kuviunganisha vyote nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani. Nikapiga bawa, nikabana, fimbo zikaanza kuvuma kwa chini, vizuri kabisa, nikahisi mtetemo mpaka kwenye meno. Nikainua kidole kimoja. Kilichotoka kilikuwa mlio wa kutisha.

Mama mkwe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani anachinja?"

"Hakuna anayechinja, Mama."

"Nimesikia mnyama."

"Ni mimi, Mama. Ni muziki."

Alikitazama kile kitu kilichonizunguka mapajani, kiunoni na makwapani. Kisha akasema kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "Mwanangu, tangu lini hujisikii vizuri?"

Nikafanya mazoezi kila jioni baada ya kutoka sokoni. Mlio ule ulikuwa na tabia zake. Ukibana kidogo unakoroma. Ukizidisha unaruka juu ghafla na kupiga kelele kama filimbi ya refa. Ukisahau kupiga bawa kwa kuwa umeanza kufikiria vidole, unashuka na kufa polepole kwa namna ya kusikitisha, na fimbo zile tatu zinakata roho moja moja, ya mwisho ikiwa ile ndefu. Watoto wangu waliipenda sana sehemu hiyo. Waliniomba niifishe tena na tena.

Mfuko ulikuwa ukivuja. Nilimpelekea fundi baiskeli wa jirani, naye akautumbukiza kwenye karai la maji kama tyubu, akatafuta mapovu, akaubandika viraka vya mpira kwa solusheni. Tangu siku hiyo nilipokuwa nikicheza nilinuka kama karakana.

Kuku ndio waliosema kwanza kwamba wamechoka. Mume wangu alinijia asubuhi moja, uso umemshuka, akanionyesha kikapu. Mlikuwa na mayai ya kutosha kukaanga kwa chai ya watu wawili.

"Wameacha kutaga," akasema.

"Labda ni chakula."

"Chakula ni kile kile. Mama watoto, mimi nimekaa nao bandani jana ulipoanza. Wote walisimama. Wakaelekea ukutani, wakaficha vichwa. Hata jogoo." Akaweka kikapu chini. "Mimi sikukatazi. Enzi hizi kila mtu ana uhuru wake. Lakini kuku wale ndio mshahara wangu."

Kuku walikuwa na haki.

*

Chini ya Pasiansi, ufukweni, kuna mawe makubwa yaliyopandana, na katikati ya mawe hayo nilipata nafasi kama chumba, imefungwa pande tatu, upande wa nne ni ziwa. Hapo nikahamishia masomo. Palikuwa pazuri ajabu. Mlio uligonga mawe ukarudi umenenepa, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba kulikuwa na kitu kizuri kimejificha ndani yake. Nilianza kutafuta wimbo. Mama mkwe wangu alikuwa na wimbo mmoja wa kubembelezea watoto, wa kwao Ukerewe, ambao aliuimba kwa kuguna tu akiwa anachambua dagaa. Noti zake zilikuwa chache na ziko karibu karibu. Nikaanza kuutafuta kidole kwa kidole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

Sikujua kwamba mawe yale yalikuwa yanapeleka sauti hadi kwa wanawake wanaoanika dagaa mbali kule ufukweni, wala kwamba wao hawakuweza kunitazama na kuniona. Walichokuwa nacho ni mlio tu, kila alasiri, saa ile ile. Kwanza walisema ni kiboko mgonjwa. Kisha wakasema kiboko hawezi kuugua kwa ratiba. Ikawa ni chatu. Ikawa ni kitu kilichokuja na magugu maji. Mwenzangu wa sokoni ndiye aliyeniletea habari hizo zikiwa zimekamilika: mnyama ana kichwa cha mbuzi, anaita watu kwa majina.

"Kwa majina?" nikashangaa.

"Kuna mtu ameitwa."

Nilipaswa kuelewa hapo hapo. Lakini nilikuwa na shida na noti ya nne, akili yangu yote ilikuwa huko.

Alasiri iliyofuata nilikuwa nimefumba macho, nimeifikia noti ya nne kwa mara ya kwanza bila kuanguka, niliposikia kokoto zikiporomoka. Nikafumbua macho. Juu ya mawe walikuwa wamesimama watu wapatao ishirini na fimbo, mapanga, na wavu mmoja mkubwa wa sangara. Mbele yao alikuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, mtu mfupi mwenye sauti ya spika, ambaye alipenda sheria kuliko chakula. Wavu ulikuwa mikononi mwake.

Tulitazamana. Mimi nilishtuka, kiwiko kikabana, na mfuko ukapiga yowe. Watu ishirini wakaruka nyuma. Mmoja aliteleza akaingia ziwani mpaka kiunoni.

"Mjumbe, shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Hakuushusha wavu. "Mama, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Uko peke yako?"

"Niko na hiki."

Akashuka kwa tahadhari. Alinizunguka. Wengine nao wakashuka, wakaanza kuulizana kwa aibu nani hasa ndiye aliyesema chatu. Mjumbe alihitaji kufanya jambo ili safari yake isiwe bure.

"Una kibali cha kupiga kelele?" akauliza.

"Mjumbe, siku hizi si ni soko huria?"

"Soko huria ni la bidhaa, mama, si la kelele. Lazima nikague."

Nilimwomba asiguse. Aliuchukua ule mti wa wimbo, akaung'oa kwenye shingo ya mfuko, akachungulia. Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kama domo la ndege, vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja kwa uzi. Ndicho kilichokuwa kikitoa sauti.

"Kuna mdudu humu," akasema mjumbe, na kabla sijafungua mdomo akachukua kijiti akamchokoa.

Nilisikia kikivunjika. Nilijaribu kupiga bawa, nikabana. Fimbo zilivuma, lakini wimbo haukuwapo, ilitoka pumzi tu. Sikutaka kulia mbele ya watu ishirini na wavu, ila nililia. Yule aliyekuwa ameloa kiunoni alisema, "Mjumbe, umemuua." Wanawake wa dagaa, ambao kwa wiki nzima walikuwa wakiniogopa, wakamgeukia mjumbe wakamsema mpaka akaomba maji ya kunywa.

*

Ziwa letu, jamani, lina matete kutoka hapo hadi macho yanapoishia. Kama mtu huko kwao alitengeneza lile domo la ndege kwa tete, nikajiambia, mimi nashindwaje? Nilikusanya vile vipande vilivyovunjika, nikavipima kwa ukucha, nikaanza kuchonga.

Matete mabichi yalinywea. Yaliyokauka sana yalipasuka. Niliyochonga manene hayakutoa sauti, na yale membamba yalilia kama mbu. Kila jioni mjumbe alinipitia nyumbani amebeba mzigo wa matete begani, hajatumwa na mtu, akauweka chini kimya kimya kama mkwe anayeleta mahari, akasema, "Haya nimekata upande wa mawe. Jana yalikuwa ya upande wa mto." Akakaa pembeni kungoja matokeo. Nilipopuliza domo jipya akainamisha kichwa. "Hilo bado," alikuwa akisema. "Hilo lina mafua."

Lililofanikiwa tulilipata kutoka kwenye tete lililokuwa limekaa miaka kwenye paa la jiko letu, likila moshi wa mama mkwe. Nilichonga, nikafunga kwa uzi wa nyavu, nikalichomeka. Sauti haikuwa ile ya kwanza. Ilikuwa nzito zaidi, ina mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyetoka kulala. Niliucheza wimbo wa kubembelezea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mjumbe alisimama akavua kofia.

Mama mkwe alikuwa ndani. Alitoka polepole.

"Huo ni wangu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Pale katikati umekosea. Pale mtoto anakuwa ameshalala, sauti inashuka. Wewe umemwamsha."

Kuanzia siku hiyo alikuwa mwalimu wangu, bila kutaka na bila huruma. Hakujua chochote kuhusu viwiko na mifuko, lakini alijua wimbo. Akiwa jikoni alikuwa akipiga kelele, "Umemwamsha!" nami nikarudia. Kuku nao, labda kwa sababu ya domo jipya, labda kwa sababu ya kukata tamaa, wakarudi kutaga.

*

Mdogo wake mume wangu akapata mchumba, harusi ikapangwa Nansio. Asubuhi ya kuondoka, mama mkwe alikuja na kapu kubwa lililofunikwa kwa kitenge, akanikataza kulibeba kichwani.

"Kuna nini, Mama?"

"Kuna kiriba."

"Cha nini kwenye harusi?"

Alinivuta kando, wengine wasisikie. "Jirani yangu kule kwetu mwanawe kamletea televisheni. Umeme hakuna, ameifunika kitambaa sebuleni, watu wanakwenda kuitazama imefunikwa. Mimi nimekaa Mwanza muda wote huu. Nirudi na nini? Nina wewe."

Melini nilifungua kapu mara kadhaa kuangalia domo la tete, maana upepo wa ziwa ulikuwa unakausha kila kitu. Mume wangu alinitazama, akasema, "Usiogope. Watu wa harusi wanakula. Mtu anayekula hasikii."

Misa ilikwenda salama. Baada ya misa watu walijazana nyumbani, chini ya turubai, wanasubiri maharusi waingie. Kwaya ya vijana ilikuwa na kinanda cha umeme na jenereta ya kuazima. Walivuta kamba ya jenereta. Ikakohoa. Wakavuta tena. Wakaisimamia watu sita, kila mmoja na ushauri wake, wakaifungua, wakaifunga, ikabaki na skrubu moja ya ziada ambayo hakuna aliyejua inakotoka. Maharusi walikuwa wamesimama juani, bibi harusi poda inamtiririka. Mshereheshaji akaanza kuimba peke yake, akasahau maneno.

Hapo nikasikia sauti ya mama mkwe, kubwa kuliko spika yoyote ambayo ingewashwa siku ile. "Mkamwana wangu atawaingiza!"

Nilikalishwa kwenye kiti mbele. Nikajifunga mikanda. Watu walisogea kuona. Nikasikia mtu anamwuliza mwenzake kama ni mashine ya kukamulia. Nikapiga bawa. Fimbo zikavuma. Nikaanza wimbo wa kubembelezea, kwa sababu ndio pekee niliokuwa nao.

Maharusi wakaanza kutembea. Wimbo ule ni wa kulaza watoto, si wa kuingia ukumbini. Walitembea kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala. Hatua, wanasimama. Hatua, wanasimama. Wasimamizi wao walikuwa wanapepesuka kwa kusubiri. Lakini ilikuwa na heshima yake, na nilianza kuona nyuso zinalainika, akina mama wanatikisa vichwa, na mama mkwe amesimama karibu na jirani yake wa televisheni, hamtazami hata kidogo.

Ndipo mkanda ukakatika. Ule mkanda wa suruali. Niliusikia ukisema *pu*, na mvukuto ukaniponyoka kiunoni ukaning'inia. Hewa mfukoni ikaanza kwisha, maharusi wakiwa katikati ya njia. Niliendelea kubana. Niliwaza: sasa itakufa, fimbo moja moja, mbele ya ukoo mzima.

Mume wangu alitokea sijui wapi. Alipiga goti mbele yangu akiwa amevaa suti, akashika mvukuto kwa mikono miwili, akaanza kupampu kama mtu anayejaza tairi la lori.

"Polepole!" nikamnong'oneza.

"Haitoshi?"

"Inazidi!"

Lakini yeye ni mtu wa bidii. Mfuko ukajaa ukawa kama puto. Wimbo ukaruka juu, kwenye sauti ya filimbi, na kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vinakimbizana na hewa yake, ukaanza kwenda mbio. Maharusi nao wakaongeza hatua. Wasimamizi wakaongeza. Bibi harusi alikusanya gauni lake kwa mikono miwili, na sehemu iliyobaki ya njia waliimaliza kwa mwendo ambao leo ningeuita kukimbia. Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha mtu akaanza kupiga makofi ya ngoma, na wimbo wa kulaza watoto ukachezwa Nansio kwa kurusha mabega mpaka vumbi likafunika chakula. Kila nilipotaka kuacha, mume wangu alikuwa bado anapampu.

*

Tulipomaliza, yeye jasho limelowesha suti, mimi viwiko havihisi kitu, alinijia sista mzee wa Kizungu na sahani ya ndizi mkononi. Alikuwa amekaa kisiwani miaka mingi, anafanya kazi kwenye zahanati, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kikerewe hasa, na *l* na *r* zinabadilishana viti.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mama, hii umeitoa wapi? Sema ukweri."

Nikamweleza kuhusu robota. Aliweka sahani chini, akagusa zile pete za shaba kwa kidole kimoja. Ndipo nilipojua kwamba ni ya nchini kwao Ireland, na kwamba kaka yake mkubwa anaipiga mpaka leo. Akanieleza kwamba kwao husema miaka saba ni ya kujifunza, saba ya mazoezi, na saba ya kupiga, ndipo mtu aitwe mpigaji. Mume wangu, aliyekuwa bado anahema, akauliza kama miaka ya kupampu nayo inahesabiwa.

"Na nani amekufundisha?" Sista akaniuliza.

"Nimejifunza mwenyewe. Na mama mkwe."

Alisita, kama mtu mwenye habari ya msiba. "Umeivaa kinyume," akasema. "Mvukuto ni mkono wa kulia, mfuko wa kushoto. Wewe umegeuza. Na vidole pia. Vyote."

Niliufunga fundo mkanda uliokatika, nikajaribu hapo hapo alivyosema. Haikutoka hata noti moja. Vilitoka vilio, kama siku ya kwanza. Nilipoirudisha kinyume, wimbo ukaja wenyewe. Sista akacheka mpaka akajifuta macho kwa utaji.

"Iache," akasema. "Iache hivyo hivyo."

Alikuwa akija Mwanza kununua dawa, basi akawa anapitia Pasiansi. Kabla ya likizo yake ya kwenda kwao alileta redio kaseti, akaniweka kwenye kigoda uani, akanirekodi wimbo ule mmoja kwa ajili ya kaka yake. Kwenye ule mkanda wa kaseti, kwa mbali, anasikika mama mkwe akisema, "Sasa amelala."

Aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu, hata vumbi la safari hajalifuta. Alisema kaka yake aliusikiliza mara mbili, kisha akaupeleka baa, Sista akiwa naye, kwa wazee wenzake wanaopiga zumari hizo, bila kuwaambia umetoka wapi. Wazee wakaanza kubishana. Mmoja alisema huo ni upigaji wa zamani wa upande wa magharibi, ambao babu yake alikuwa nao na umeshapotea. Mwingine akasema hapana, ni wa kaskazini, unajulikana kwa ule mkwaruzo. Wa tatu akasema mpigaji amelewa, lakini amelewa vizuri. Walibishana mpaka mwenye baa akafunga, wakaenda kumalizia barabarani.

"Na wewe hukuwaambia?" nikamwuliza.

"Niliwaambia mwisho. Hawakuamini. Wanataka kusikia mwingine."

Mama mkwe, ambaye hadithi yote aliifuata akichambua mchele bila kuinua kichwa, akasukuma ungo pembeni.

"Kaa hapa," akaniambia. "Nikuimbie wa kupalilia mihogo. Wasije wakafikiri kwetu tuna wimbo mmoja."